AHADI NI DENI, NA FEDHA ZA MAZINGIRA NI AMANA

(Nakala ya mhadhara uliotolewa msikitini baina ya sala ya Magharibi na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeiumba ardhi kwa kipimo na akamfanya mwanadamu kuwa khalifa juu yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na ahli zake, sahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama ba'ad.



Mada tuliyopewa usiku huu ni ushirikiano wa mataifa katika kuhifadhi mazingira, na fedha zinazotolewa kwa ajili hiyo. Huenda akatokea mwenye kuuliza: mada hii ni ya mawaziri na mabalozi, imeingiaje msikitini? Jawabu ni kwamba imekwishaingia majumbani mwetu kabla ya kuingia msikitini. Kisiwani Pemba yapo mabonde ya mpunga yaliyoingiwa na maji ya chumvi, na mwenye shamba hana tena cha kuvuna. Mwaka 1998 joto la bahari liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Bahari ya Hindi upande huu wa magharibi, na tumbawe likifa samaki huhama. Mkulima huyo na mvuvi huyo ndio wanaosimama nasi safu moja katika sala. Na huko duniani zinatajwa fedha nyingi zilizotolewa kwa jina lao. Basi wana haki ya kujua nani ameahidi, ameahidi nini, kwa masharti gani, na kilichotolewa kimefikia wapi.

Tutazungumza, inshaallah, juu ya mambo matatu: deni lililo juu ya wanaotoa, amana iliyo juu ya wanaopokea, na wajibu ulio juu yetu sisi wa misikitini.

MADHARA YANA MWENYEWE

Wanazuoni wa fiqhi wameafikiana juu ya msingi kwamba madhara hayaachwi bali huondolewa, na kwamba aliyeharibu mali ya mwenziwe hulazimika kulipa, hata kama hakukusudia. Mwenye ng'ombe aliyeingia shambani kwa jirani usiku haambiwi atoe sadaka. Huambiwa alipe. Sadaka ni hiari ya mtoaji, ama fidia ni haki ya aliyedhurika. Mwenye kuchanganya mawili haya amedhulumu hata kama ametoa kwa tabasamu.

Sasa tuitazame dunia. Tangu viwanda vya Ulaya vilipoanza kutumia makaa ya mawe kwa wingi, kisha mafuta na gesi, hewa ya ukaa imekuwa ikirundikana angani na kuzuia joto lisitoke. Bara zima la Afrika, lenye zaidi ya mtu mmoja kati ya kila sita duniani, linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa hiyo. Lakini ukame ukija, mafuriko yakija na bahari ikipanda, Afrika haipati asilimia 4 ya msiba.

Mataifa yenyewe yamelikiri jambo hili. Katika mkutano wa Rio de Janeiro wa mwaka 1992 yaliandika kwamba jukumu la kuilinda dunia ni la wote, lakini halilingani, na kwamba nchi zilizotajirika kwa viwanda zitazisaidia kifedha zile ambazo bado ni masikini. Kwa hiyo, ndugu zangu, linapotajwa neno "msaada" katika habari hizi tulipime vizuri. Sehemu kubwa ya kinachoitwa msaada ni deni lililokubaliwa kwa maandishi na wenye kudaiwa.

AHADI ZILIZOTOLEWA

Uislamu umeiweka khiyana ya ahadi miongoni mwa alama za unafiki. Basi tuzitazame ahadi hizi kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo.

Mwaka 2009, mjini Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 zitakuwa zinakusanya dola bilioni 100 kila mwaka kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Mwaka 2020 ulipofika, kwa hesabu ya jumuiya ya nchi tajiri zenyewe, OECD, zilipatikana dola bilioni 83.3. Mwaka uliofuata zikapatikana bilioni 89.6. Ahadi ilitimia mwaka 2022, zilipofika bilioni 115.9, yaani miaka miwili baada ya muda kwisha.

Lakini usiangalie jumla tu. Angalia na sura ya fedha hizo. Katika zile zilizotoka kwenye serikali na mabenki ya umma mwaka 2022, asilimia 69 zilikuwa mikopo, na asilimia 28 tu ndizo zilizotolewa bila kudaiwa. Baadhi ya mikopo hiyo ni ya masharti nafuu, na mingine ni kwa riba ya soko. Zingatieni hapa, enyi ndugu. Aliyechangia zaidi kuleta madhara anamwendea aliyedhurika na kumwambia: nakukopesha ujenge ukuta wa kuzuia bahari niliyochangia kuipandisha, kisha utanirudishia na ziada. Riba imeharamishwa kwa sababu inamla mwenye dhiki. Ni dhiki gani kubwa kuliko ya mtu ambaye kijiji chake kinaliwa na maji?

Mwaka 2022, katika mkutano wa Sharm el-Sheikh nchini Misri, mataifa yalikubali kuanzisha mfuko maalumu wa hasara na uharibifu, kwa ajili ya watu ambao msiba umekwishawafika. Mwaka 2023, mjini Dubai, mfuko huo ulizinduliwa, na Umoja wa Falme za Kiarabu na Ujerumani kila moja ikaahidi dola milioni 100. Hata hivyo ahadi zote zilizotolewa katika mkutano huo hazikufika dola bilioni 1. Mwaka 2024, mjini Baku, nchi zinazoendelea zilieleza kwamba zinahitaji dola trilioni 1.3 kwa mwaka. Nchi tajiri zikaahidi kuongoza ukusanyaji wa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Kisha mwaka 2025 Marekani ikajitoa katika bodi ya mfuko wa hasara na uharibifu, na shirika lake la misaada, USAID, likafungwa mwaka huo huo. Miradi mingi iliyolitegemea ikasimama, katika nchi nyingi, zikiwemo zetu.

Na haki itusemeshe hata juu ya nafsi zetu. Tusinyooshe kidole upande wa Magharibi peke yake. Mkataba wa mwaka 1992 haukuziweka nchi za mafuta za Ghuba katika orodha ya wenye kulazimika kuchangia, na nyingi katika nchi hizo ni za Waislamu. Lakini ambalo halikuandikwa katika mkataba wa watu huenda limeandikwa mbele ya Allah. Tajiri Muislamu hasamehewi kwa sababu jina lake halimo katika orodha.

Pamoja na hayo tusikate tamaa, kwa sababu upo mfano wa ahadi iliyotimizwa. Mwaka 1987, mjini Montreal, mataifa yalikubaliana kuacha kemikali zilizokuwa zikitoboa utando wa ozoni unaotukinga na miale mikali ya jua. Kemikali hizo zilikuwa ndani ya majokofu na makopo ya kupulizia. Nchi masikini zilisema haziwezi kubeba gharama ya kubadilisha mitambo. Ukaundwa mfuko, ukaanza kazi mwaka 1991, na wenye nacho wakalipa. Leo takriban asilimia 99 ya kemikali zilizopigwa marufuku na mkataba ule zimeondolewa, na utando unajiziba. Basi haiwezi kusemwa kwamba mataifa hayawezi. Yakitaka, yanaweza.

KUSHIRIKIANA NA WASIOKUWA WAISLAMU

Wapo miongoni mwetu wanaosema kwamba kila mradi wa mazingira unaoletwa na wageni una hila ndani yake, na kwamba heri kuukataa. Tahadhari ni jambo jema, na ziko sababu zake. Lakini kukataa kila kitu si mwenendo wa Mtume (S.A.W.).

Kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilf al-Fudul nyumbani kwa Abdullah bin Jud'aan. Watu wa Makka waliapa kumsaidia kila aliyedhulumiwa katika mji wao, awe mwenyeji au mgeni. Na baada ya kuja Uislamu aliyasifu mapatano yale, akaeleza kwamba lau angeitwa tena kwa jambo kama lile angeitikia. Waliokula kiapo kile hawakuwa Waislamu. Pia katika Hijra aliyemwongoza njia alikuwa Abdullah bin Urayqit, naye alikuwa bado katika dini ya watu wake, lakini alikuwa fundi wa njia na mwaminifu.

Kipimo basi ni aina ya jambo lenyewe na masharti yake. Likiwa ni kuondoa dhulma na kuhifadhi neema, na masharti yake hayagusi dini wala heshima ya watu, tunashirikiana. Likiwa na sharti la batili, tunakataa sharti hilo waziwazi na kueleza sababu.

MISALI NA GAZI

Tuna mifano miwili hapa hapa pwani. Wa kwanza ni kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Hadhara alifika hapo akaomba msala wa kusalia, ukakosekana, naye akasema kisiwa chenyewe ndicho kitakuwa msala wake. Wavuvi wa vijiji vingi wanategemea maji ya kisiwa hicho. Baruti na nyavu haramu zilipoanza kuyamaliza matumbawe, serikali ya Zanzibar mwaka 1998 ilikitangaza kuwa eneo la hifadhi, na shirika la CARE likasaidia. Makatazo ya sheria peke yake hayakuwatosha wavuvi. Ndipo taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoko Birmingham, Uingereza, iliyoasisiwa na Fazlun Khalid, ilipoalikwa, na somo likapelekwa kwa masheikh, maimamu na walimu wa madrasa, nao wakalifikisha kwa watu: kwamba bahari ni amana, na kuiharibu ni ufisadi katika ardhi aliouharamisha Allah. Mvuvi anaweza kumkwepa askari wa doria. Anajua hawezi kumkwepa Mola wake. Mwaka 2005 Misali iliingizwa katika hifadhi kubwa zaidi ya Mkondo wa Pemba. Fedha zilitoka mbali, lakini ufunguo wa nyoyo ulikuwa hapa.

Mfano wa pili ni Gazi na Makongeni, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Huko wanakijiji wanalinda hekta 117 za msitu wa mikoko kupitia mradi uitwao Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza kaboni mwaka 2013. Mkoko hunyonya hewa ya ukaa na kuifungia ndani ya tope. Kiasi kinachofungiwa hupimwa, na watu wa nchi za mbali hulipa kwa ajili yake. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule, na zimegharamia upandaji wa mikoko zaidi. Mwaka 2017 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Kiasi kinachoingia kwa mwaka si kikubwa, ni maelfu ya dola tu, lakini matumizi yake huamuliwa na kamati ya wanakijiji wenyewe, mbele ya wanakijiji. Hapo ndipo ilipo baraka yake.

AMANA ILIYO JUU YA WANAOPOKEA

Tumesema juu ya wanaotoa. Sasa tuseme juu ya wanaopokea, kwani deni la mwenzio halikuhalalishii khiyana yako.

Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu mawili, moja akasema ni la Waislamu na jingine akasema amezawadiwa yeye. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akahoji kwa nini mtu huyo hakukaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi ingemfuata huko. Na Sayyidna Umar (R.A.) alikuwa akiorodhesha mali za magavana wake anapowapa kazi, ili ijulikane kilichozidi kimetoka wapi. Je, leo nani anaorodhesha? Fedha ya mradi inapopunguzwa katika kila ofisi inayopitia, inayopungua ni mikoko, ni kimo cha ukuta wa bahari, ni kina cha kisima. Aliyeila hakuwaibia wafadhili. Amemwibia yule mkulima wa bonde la chumvi.

Fedha zikisimamiwa vyema matunda yake huonekana kwa macho. Mwaka 2011 Mfuko wa Kimataifa wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi uliidhinisha takriban dola milioni 5 kwa ajili ya pwani ya Tanzania. Ukuta unaoikinga Barabara ya Barack Obama, jijini Dar es Salaam, ni katika matunda ya fedha hizo, na kila mpita njia anauona.

Liko pia suala la nani atangulizwe. Umar (R.A.) alipotenga hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa, alimweka msimamizi aitwaye Hunayy, mtumwa aliyeachwa huru. Alimuusia amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na ajihadhari na mifugo ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Alieleza kwamba hao wawili wakifiwa na wanyama wana mashamba na mitende ya kurejea, ama masikini mifugo yake ikifa atamjia kiongozi pamoja na watoto wake kuomba. Hiyo ndiyo siasa ya hifadhi. Hifadhi inayomfukuza mvuvi wa mtumbwi na kumkaribisha mwenye hoteli imegeuza maagizo ya Umar juu chini.

WAKFU: FEDHA ISIYOKWISHA

Udhaifu mkubwa wa miradi ni kwamba ina umri. Mfadhili akiondoka, boti ya doria inakaa pwani kwa kukosa mafuta, na kitalu cha miche kinakauka. Yaliyotokea mwaka 2025 ni ukumbusho kwa kila mwenye akili.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bi Gro Harlem Brundtland wa Norway ilieleza maana ya maendeleo endelevu: wa leo watimize haja zao bila ya kuwanyima wa kesho uwezo wa kutimiza zao. Ni maelezo mazuri, lakini si mapya kwetu. Zaidi ya miaka 1,300 kabla yake, Umar (R.A.) alikataa kuwagawia wapiganaji ardhi ya Sawad ya Iraq, akaiacha mikononi mwa wakulima wake kwa kodi, akihoji watakaokuja baadaye watabakiwa na nini. Na yeye huyo, alipopata ardhi Khaybar, Mtume (S.A.W.) alimshauri aizuie asili yake na kuyatoa matunda yake kuwa sadaka. Huo ndio wakfu. Shamba haliuzwi, halirithiwi, na mazao yake yanaendelea.

Mwenye kufahamu wakfu amefahamu maendeleo endelevu. Kwa nini basi shamba la wakfu la minazi lisiwe ndilo linalolipa walinzi wa mikoko? Katika nchi nyingine Waislamu wamepiga hatua. Mwaka 2018 serikali ya Indonesia ilitoa sukuk za kijani zenye thamani ya dola bilioni 1.25, na mwaka 2019 Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ikatoa zake za euro bilioni 1. Sukuk ni hati za ubia katika mali halisi, zimekusudiwa kuepuka riba, na fedha zake hutengwa kwa miradi ya kuhifadhi mazingira. Njia ipo kwa mwenye kuitafuta.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mradi unaoletwa kijijini au mtaani kwetu tuuulize maswali manne, kwa adabu na bila woga. Ni ruzuku au ni mkopo, na kama ni mkopo atalipa nani? Ni kiasi gani kilichoidhinishwa, na kiasi gani kimefika hapa? Nani katika watu wetu yumo katika kamati, na amechaguliwa na nani? Na mradi ukimalizika, nani atautunza na kwa fedha ipi? Atakayekasirika kwa kuulizwa maswali haya amekwishajibu.

Pili, hesabu za miradi zibandikwe mahali watu wanapopita, ukiwemo ubao wa msikiti, kwa lugha yetu, ili mzee asiyejua Kiingereza asiwe mgeni katika jambo lake mwenyewe.

Tatu, walimu wa madrasa tuifundishe fiqhi ya maji, ya ardhi, ya hima na ya wakfu, wala tusiishie kwenye tohara na sala tu. Mtoto anayejua kwamba israfu ya maji imekatazwa hata katika udhu atakuwa mlinzi wa kisima akikua.

Nne, kila msikiti uanze na wakfu mmoja, hata ukiwa mdogo: minazi kumi, kisima, kitalu cha miche. Tumefundishwa kwamba mwenye mche mkononi aupande hata akiona Kiyama kinasimama. Basi haifai kumngojea mfadhili kutoka ng'ambo ili tupande mkoko mbele ya nyumba zetu. Tunaidai haki yetu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili tunafanya kazi.

Ndugu zangu, siku ya Kiyama ataulizwa aliyeahidi kwa nini hakutimiza, na ataulizwa aliyepokea kwa nini hakufikisha. Lakini na sisi tutaulizwa: mliona, mbona hamkusema? Mlikuwa na ardhi na mikono, mbona hamkupanda?

Tunamuomba Allah (S.W.) atujaalie kuwa waaminifu katika tulichopewa, atulindie bahari yetu na mashamba yetu, awape badala iliyo bora wote waliopoteza riziki zao, na azilainishe nyoyo za wenye kudaiwa walipe yaliyo juu yao. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.